Gunia Moja la Baridi

Makambako, 11 Agosti 2024

Binamu Feliciana,

Kamwene. Habari za shule, habari za makande ya masista, habari za kuoga maji ya baridi kabla jogoo hajaamka? Mimi ni mzima na nazidi kupendeza.

Kwanza nimsalimie Sista Scolastika. Shikamoo Sista. Feli umeniambia anafungua barua moja katika kila tano na hamjui itakuwa ipi, kwa hiyo mimi nitasalimia kwenye zote, nisije nikaonekana sikulelewa. Sista, mimi ni Praygod. Mama yangu na baba yake Feliciana wametoka tumbo moja. Siyo mchumba. Nimeweka na picha yangu ya pasipoti, linganisha pua.

Sasa kazi. Daftari lako Yoeli amelifikisha, yule konda wa Kosta ya Njombe, limefungwa ndani ya mfuko wa viazi na linanuka udongo. Nimekaa siku mbili kwenye kompyuta ya Mama Dorkasi hapa steshenari, katikati ya fotokopi za vyeti na watu wanaotaka sura zao ziwe nyeupe zaidi kwenye picha, nikaichapa hadithi yote. Kurasa kumi na moja kwa vidole viwili! Mimi niliyeachia kidato cha tatu! Mwalimu wa hesabu alisema sitakuja kushika kalamu maishani. Alisema kweli. Sishiki, nagonga.

Hadithi yako ni moto, japo inahusu baridi. Watu wa Iwawa kule milimani wanavuna barafu ya alfajiri kwenye majani ya viazi, wanaisindilia kwenye magunia, treni inabeba kutoka stesheni yetu hii hii ya Makambako, na watu wa mabondeni wananunua maana huko kwao jua limekataa kupoa. Umeyatoa wapi haya, binamu? Kwenye maharage? Na yule dalali, Mpoki, nimempenda. Mtu wa maneno, suruali imenyooshwa, mwishoni anawapiga bao wanunuzi wote. Huyo ndiye mwanaume.

Na soko nimelipata. Usidhani ni rahisi. Nimezama mtandaoni wiki nzima. Huku wanataka hadithi za mapenzi, kule wanataka mafunzo kwa vijana, wengine wanataka nitume hela kwanza ndipo wasome, hao nimewaambia wakasome leso. Wanaotaka hadithi za mambo ambayo hayajatokea bado, za mwaka 2090, mashine, mizimu na treni za baridi, ni wa kutafuta kwa tochi. Lakini mimi ninayo tochi. Inaitwa Tuzo ya Mwaka Ujao, iko Dar es Salaam, ina kundi la wanafunzi, mwisho wa kutuma ni tarehe 31. Hadithi tano bora zinatolewa kitabu. Kitabu cha karatasi, Feli, chenye mgongo.

Usinishukuru sasa. Shukrani zako ziweke kwenye ukurasa wa kwanza wa hicho kitabu, jina langu kwa herufi kubwa.

Wakala wako,
Praygod


Njombe, 18 Agosti 2024

Praygod mtoto wa shangazi,

Kamwene. Barua yako ndiyo iliyokuwa ya tano. Sista aliifungua mbele yangu, akalinganisha pua, akasema, "Mungu amsaidie." Picha ameibakiza. Iko kwenye kabati lake pamoja na simu alizowanyang'anya wenzangu.

Hilo shindano ulilolizamia wiki nzima limebandikwa kwenye ubao wetu tangu Julai. Noela, jirani yangu wa kitanda, naye anatuma, anachapiwa na kaka yake Iringa. Sikukuambia mapema kwa sababu najua unavyopenda kugundua.

Nina mambo mawili. La kwanza, Mpoki hampigi bao mtu yeyote. Ukurasa wa mwisho uliusoma, au uliuchapa tu?

La pili ni kubwa. Sharti la nne linasema hadithi isiwe imetumwa wala kuchapishwa mahali pengine popote. Mahali pengine popote, Praygod. Nalinakili hapa kwa mkono wangu kwa sababu nakufahamu.

Baba alikuja wiki iliyopita kuniletea blanketi. Akasema nikimaliza kidato cha sita niende Ilembula kusomea uuguzi, haya mengine ni ya kujifurahisha. Nikamwuliza, je, hadithi zikichapishwa? Akafikiri. Unajua mjomba wako anavyofikiri, kama anapima ubao kabla ya kuukata. Akasema, "Niletee kitabu chenye jina lako, nami sitasema tena."

Kwa hiyo si zawadi ninayoitaka. Nalitaka hilo jina, kwenye karatasi, nilibebe hadi Matembwe nikaliweke mezani kwake. Hapo usinichezee.

Binamu yako,
Feliciana


Makambako, 25 Agosti 2024

Feli,

"Usinichezee!" Mimi? Niliyekubeba mgongoni kuvuka mto ukiwa na tetekuwanga?

Imeenda. Ijumaa, saa sita na dakika kumi mchana, Mama Dorkasi ni shahidi. Fomu nimeijaza: jina lako, shule yako, namba yangu ya simu na barua pepe yangu maana wewe huna. Visanduku vyote nimetia tiki. Mwishoni kuna kisanduku cha kuapa kwamba yote ni kweli na masharti umeyakubali, nacho nikakitia. Masharti nimeyasoma, la nne, la tano, na lile la ukubwa wa herufi.

Ukurasa wa mwisho nimeusoma, bila shaka. Ni mzuri. Una huzuni ya kutosha.

Halafu kuna jambo lingine, lakini sikwambii. Ni la kukufurahisha. Nikupe alama ndogo tu: unamkumbuka baba mdogo Mika na parachichi zake? Anaweka mbili mfukoni, anawazungukia wanunuzi sita kabla ya chai. Huyu anamkatia kipande, yule anamkatia kipande, na hakuna anayejua habari za mwenzake. Saa nne asubuhi wote sita wanampigia simu. Mimi nimefundishwa soko na mtu wa namna hiyo. Zaidi ya hapo mdomo nimeufunga.

Sista shikamoo, kama leo ni ya tano. Ile picha ni nzuri eeh?

Wakala Mkuu, Nyanda za Juu Kusini zote,
Praygod


Makambako, 2 Oktoba 2024

FELICIANA!!!

Kumi bora! Wameandika! Kati ya hadithi mia mbili na kitu, ya kwako iko kwenye kumi! Majina wamepanga kwa alfabeti, la kwako ni la tatu. Nimeruka mpaka nimemwagia wino vyeti vya kubatizwa vya familia nzima. Mama Dorkasi amesema nitavilipa, nikamwambia mama, leo nitumie hata kama meza.

Tano bora watazitaja mwisho wa mwezi. Kumi kutoa tano, hesabu hiyo hata mimi naiweza. Nusu ya kitabu tumeshaingia.

Na lile jambo langu lingine nalo limeiva. Nitalileta mwenyewe siku ya wazazi kuwatembelea, nimelikunja vizuri kwenye bahasha ya kaki. Utalia. Utasema Praygod, kumbe una akili.

Wakala wa Taifa,
Praygod


Njombe, 5 Oktoba 2024

Praygod,

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama kwenye mstari wa uji na nimepiga kelele. Sista alikuja mbio akidhani nimeungua. Nilipomwonyesha alinipa kengele ya kipindi niipige mimi. Hiyo kwake ni sherehe.

Noela naye yumo, namba saba. Tumelala tukiwa tumeshikana mikono kutoka kitanda hadi kitanda kama watoto.

Nimemwandikia baba. Najua ni mapema, ningesubiri tano bora. Sikuweza. Nimemwambia: kumi bora, na binamu yangu ndiye aliyenitafutia njia. Nimeandika hivyo hivyo. Ulipoacha shule watu walisema mengi pale Matembwe, na baba alikuwa mmoja wao. Nataka wajue.

Asante. Naiweka hapa, kitabu kikichelewa.

Feliciana


Makambako, 9 Oktoba 2024
(Hii sikuituma. Naiweka humu uione.)

Feli,

Niliituma sehemu sita.

Nimeliandika na sasa nalitazama. Sehemu sita. Wa Tuzo, na wengine watano. Wawili hawakujibu, mmoja alisema hadithi ni ndefu, mwingine alisema hawachapi mambo ya kufikirika, na wa mwisho, Jarida la Sayari Saba la mtandaoni, walisema wameipenda. Tarehe 28 Septemba wakaiweka hewani. Jina lako liko juu, na picha ya treni ya bluu. Hilo ndilo jambo langu. Ndiyo bahasha ya kaki.

Leo Tuzo wameandika. Nilipoona jina lao nikamwambia mteja asubiri, hapa kuna mambo makubwa. Nikasoma nikidhani wanatupongeza. Wamesema wameikuta hadithi Sayari Saba. Wamesema mtumaji aliapa kwamba haijaenda kwingine. Wanatupa siku tatu tujieleze, vinginevyo wataiandikia shule.

Siku tatu ni nyingi. Nitakwambia. Naogopa tu Sista asije akaifungua hii kabla yako, akakuona wewe ndiye mwongo. Nitafikiri njia.

Praygod


Makambako, 13 Oktoba 2024

Binamu Feliciana,

Kamwene. Habari za siku. Huku mvua bado, vumbi la malori limejaa mpaka ndani ya kompyuta. Mama Dorkasi amenunua mashine mpya ya kulaminisha. Yoeli amebadilishiwa gari.

Nimekutumia parachichi kumi, mgawie na Noela. Ni ngumu bado, zifunge kwenye gazeti.

Kuhusu Tuzo, wanachelewa. Unawajua watu wa Dar.

Ulisema ulimwandikia mjomba. Alijibu?

Msalimie Sista.

Praygod


Njombe, 17 Oktoba 2024

Praygod,

Naandika haraka, nimepewa nusu saa.

Sista aliniita juzi. Kwenye meza yake kulikuwa na barua kutoka Tuzo, na hadithi yangu imechapwa kutoka mtandaoni, ina picha ya treni ya bluu. Mwaka 2090 na treni bado ina moshi. Sijawahi kusikia habari za Sayari Saba. Wamesema niliapa uongo. Wamesema waliniandikia na kunipa siku tatu nijieleze, sikujibu.

Nimetolewa. Si mimi tu. Kwa kuwa fomu ilikuwa na jina la shule, shule nzima haitatuma miaka miwili, na Noela ametolewa namba saba yake. Noela hajanitukana. Amehamisha godoro.

Sista aliniuliza, "Nani aliituma?" Nikasema ni binamu yangu, ana maneno mengi mpaka yanamwagika, lakini sharti la nne nilimwandikia kwa mkono wangu na alinijibu kwamba amelisoma. Nikasema kuna mtu ameiiba kwenye kompyuta ya dukani. Nikasema wewe huwezi. Nililisema mara tatu, Praygod, na mara ya tatu nilisimama.

Jumatatu ya tarehe 28 natakiwa nisimame paredi niombe radhi mbele ya wanafunzi wote kwa kusema uongo. Jumamosi kabla ya hapo baba anakuja. Ameshajibu barua yangu. Amechonga rafu. Ya msonobari, amesema, ndogo, upana wa kitabu kimoja na nafasi kidogo ya pembeni, maana huenda kikapata mwenzake.

Niandikie upesi jinsi ilivyoibwa. Nitampelekea Sista.

Feliciana


Makambako, 20 Oktoba 2024
(Juu ya bahasha: SISTA SCOLASTIKA, HII IFUNGUE WEWE KWANZA, HATA KAMA SIYO YA TANO)

Sista Scolastika,

Shikamoo. Leo siyo utani.

Haikuibwa. Mimi Praygod niliituma sehemu sita, nikijua. Feliciana aliniandikia sharti la nne, nililisoma, nikaona ni maneno ya watu wasiojua soko. Kwetu mzigo humwonyeshi mnunuzi mmoja tu. Atakudharau, atakupangia anachotaka. Nikadhani hadithi ni hivyo hivyo. Sikujua kwamba mtu anayesoma hadithi anampa mwandishi muda wake peke yake, na akijua ulikuwa unawazungusha wengine watano, umemfanya mjinga. Hata hivyo sijitetei kwa kutojua. Sharti lilikuwa limeandikwa, na kisanduku cha kiapo nilikitia tiki mwenyewe.

Barua ya siku tatu ilikuja kwangu. Feliciana hakuiona. Siku ya kwanza niliogopa. Ya pili niliogopa. Ya tatu nililaminisha vitambulisho vya kwaya nzima ili nisiwe na nafasi ya kufikiri. Kisha nikamtumia parachichi.

Yeye hakusema uongo, Sista. Mwongo ni mwenye pua ile.

Tuzo nimewaandikia jana, kurasa mbili, nikasema haya haya. Nimewaomba shule na Noela waachwe. Kwa Feliciana sikuomba, maana hadithi imeshatoka, na sharti ni sharti. Nakala imo humu. Kama kuna kuomba radhi paredi, niruhusu nije nisimame mimi. Nauli ninayo.

Sasa naomba barua hii mpe Feliciana.

*

Feli,

Kuna barua humu ya tarehe 9 ambayo sikuituma. Isome, halafu usome ile ya tarehe 13 niliyoituma, halafu uniweke ninapostahili.

Nilikudanganya na lingine. Ukurasa wa mwisho sikuwahi kuusoma. Hata wa kwanza. Nilichapa kila neno, sikusoma hata moja. Ukizoea kazi hii macho yanapeleka kwa vidole, kichwani hakupiti kitu. Nimechapa barua za watu kuachana huku naimba. Niliokota maneno mawili matatu, treni, magunia, Mpoki, nikajipigia kifua.

Jana jioni, duka limefungwa, nilikaa kwenye kiti cha wateja nikaisoma.

Gunia la mwisho la yule mama wa Iwawa lilikuwa chini ya kitanda, amelificha kwa ajili ya mtoto mwenye homa. Mpoki analiomba. Siliuzi, mama, anasema, nalionyesha tu. Anafika stesheni, analegeza kamba kidogo, mnunuzi wa kwanza anaingiza mkono, anasema ooh. Anafunga. Wa pili, analegeza tena. Wanunuzi wako ni sita, Feli. Nimewahesabu kwa kidole. Uliwaona wapi kama si pale kwa baba mdogo Mika, tukiwa watoto tumekaa juu ya makreti? Wa sita anaingiza mkono mpaka kwenye bega, anautoa, anamtazama Mpoki. Baridi yote imeshatoka, limebaki gunia tu. Na Mpoki amesimama pale stesheni kalishika wazi, anauliza watu wote wanaopita, nani ameniibia?

Nami nikakumbuka uliniomba nikuandikie jinsi ilivyoibwa.

Uliniandika kabla sijafanya. Ulinijua mpaka huko, na bado ukanipa daftari.

Mjomba nimempigia leo asubuhi, sikutaka aje Jumamosi akiwa hajui. Nimemwambia yote. Mjomba akauliza, "Na rafu?"

Nikakata simu, Feli. Maneno yote haya niliyonayo.

Praygod


Njombe, 3 Novemba 2024

Praygod,

Sista aliisoma barua yako kwa sauti, mimi na Noela tumesimama mbele ya meza. Alipofika kwenye "mwenye pua ile" akafungua kabati, akatoa picha yako, akaitazama, akairudisha. Paredi haikuwepo. Alisema huna haja ya kuja, kusimama mbele ya wasichana mia nne kwako ingekuwa zawadi.

Tuzo walijibu. Shule imeachiwa, Noela amerudishwa namba saba yake, na juzi ametajwa tano bora. Nilimpigia makofi, na nilimaanisha. Godoro bado hajalirudisha. Amesema ni kwa sababu ya upepo wa dirishani.

Mimi nimebaki nje. Nilijua.

Sista aliniruhusu kuiangalia Sayari Saba kwenye kompyuta ya ofisini. Jina langu lipo. Nimelitazama muda mrefu. Nilisubiri nifurahi, sikufurahi. Ndilo lililoniuma kuliko kutolewa, Praygod. Mara yangu ya kwanza kuliona jina langu mahali, na nililiona kama mtu anayeonyeshwa ushahidi.

Baba alikuja na rafu. Ameifunga kamba ya katani, ameibeba mgongoni toka Matembwe. Akaipima kwenye ukuta juu ya sanduku langu, akasema haitakuwa ya kugongelea, shule itakataa misumari. Akaiweka juu ya sanduku. Iko hapo, tupu. Kila usiku kabla ya taa kuzimwa naiona. Wakati anaondoka alisema, "Msonobari ukikaa kidogo ndiyo unakauka vizuri."

Bado nimekukasirikia. Nitaendelea mpaka Krismasi, pengine na mwaka mpya. Nikiacha upesi utadhani lilikuwa jambo dogo.

Lakini Yoeli ana daftari lako. Nimeandika nyingine. Sista anajua jarida moja la Iringa linalochapwa kwenye karatasi mara mbili kwa mwaka, linapokea hadithi za namna yetu, anwani iko kwenye jalada la ndani. Hao tu. Usiichape kabla hujaisoma. Uniandikie mwisho wake kwa maneno yako, si yangu. Sista anasema picha utarudishiwa siku utakayoshika sharti moja bila kulivunja, na mimi nimemwambia aiwekee fremu, itakaa sana.

Hukuniibia. Ulinionyesha kwa kila mtu. Sijui lipi ni baya zaidi, na wewe usinijibu kwa utani.

Feliciana


Makambako, 17 Novemba 2024

Feliciana,

Kamwene. Shikamoo Sista.

Nimeisoma. Mara ya kwanza nikiwa nimekalia mikono yangu ili isikimbilie kugonga. Mteja alikuja akataka fotokopi, nikamwambia ngoja, nasoma. Mama Dorkasi alinitazama kama ameona mbuzi amevaa miwani.

Mwisho kwa maneno yangu: Baba anachonga rafu kwa ajili ya mtoto wake. Kila asubuhi kunakutwa kitabu kimoja juu yake, kimeandikwa na mtu ambaye hajazaliwa, na jioni kinatoweka. Mtoto anasoma vyote, mwaka mzima, anatafuta chenye jina lake. Siku kinapokuja anakifungua, kumbe kurasa zote ni nyeupe. Anakasirika anataka kukichoma. Baba yake anakigusa anasema, hiki hakikutoka kwao, hiki nimekileta mimi, nimekinunua mjini, ni daftari. Basi. Jioni ikafika na daftari halikutoweka.

Hapo nilitoka nje nikasimama karibu na jenereta, ili kama kuna kelele nyingine zisisikike.

Umesema nisijibu kwa utani lile la kuiba na kuonyesha. Nimelifikiria wiki mbili. Nadhani kuonyesha ndiyo mbaya zaidi. Mwizi angalau anajua si chake. Mimi nilisahau.

Nimeichapa polepole. Nimeituma Ijumaa ya tarehe 8, Iringa, sehemu moja. Leo ni siku ya tisa. Wamesema majibu ni mwezi wa tatu. Mwezi wa tatu, Feli! Parachichi zingekuwa zimeoza zikaota na kuzaa. Kila asubuhi nikiwasha kompyuta vidole vinaanza kwenda vyenyewe, kutazama tu, nani anatafuta nini. Navirudisha mfukoni.

Na juzi mtu wa Sayari Saba ameniandikia. Anauliza kama mwandishi wa magunia ana hadithi nyingine, anaitaka hata leo, wiki hii hii inatoka. Wiki hii, na jina lako juu. Mjomba angesikia kabla ya Krismasi, na mimi ningekuwa nimesafishika. Nilikaa mbele ya barua hiyo mpaka kioo kikazima chenyewe.

Nimemjibu hivi: Ndiyo, anayo nyingine. Ina mtu. Naye nimemwambia ukweli wa ile ya kwanza, jinsi alivyoipata.

Hajajibu tena.

Gunia nimelifunga, binamu, na nimelikalia. Ni baridi kweli.

Mchapaji wako, na msomaji,
Praygod